Indiketa za LED na Flasha Yake katika Magari ya Utalii

Saketi ya indiketa ina sehemu kuu nne: fyuzi, flasha, swichi ya kwenye usukani na taa za kila upande. Flasha ndiyo inayokata na kurudisha umeme ili taa ziwake na kuzimika. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu taa za magari zinataka indiketa iwake kati ya mara 60 na 120 kwa dakika.

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, gari linalobadilishwa taa mara nyingi ni Land Cruiser ya utalii. Karakana hurefusha chesi, hujenga bodi mpya yenye paa la kufunguka, kisha hufunga nyuma taa za LED zilizotengenezwa kwa ajili ya malori na matrela. Uamuzi huo una mantiki. Mtikisiko wa barabara za changarawe ndani ya Hifadhi ya Serengeti, kama zile za kuelekea Kogatende, hukata uzi wa balbu ya kawaida mapema, ilhali LED haina uzi wa kukatika. Tena LED huwaka papo hapo na hutumia umeme kidogo.

Umeme huo kidogo ndio chanzo cha usumbufu. Balbu ya kawaida ya indiketa ni ya wati 21. Kwa volti 12, balbu mbili za upande mmoja, ya mbele na ya nyuma, huvuta ampia 3.5. LED mbili za wati 3 kila moja huvuta nusu ampia tu. Flasha ya zamani ina bamba la chuma linalopashwa moto na mkondo wa taa hadi lipinde na kukata umeme. Mkondo ukiwa hafifu bamba halipati moto wa kutosha, na taa hubaki imewaka bila kupepesa. Flasha ya kielektroniki iliyokuja na gari hupima mkondo ili kumjulisha dereva kwamba balbu imeungua. Ikifungiwa LED hudhani balbu imekufa, ikapepesa kwa kasi karibu maradufu. Taa na nyaya ni nzima; kilichokosea ni kipimo.

Tiba iliyo bora ni kubadilisha flasha yenyewe na kuweka ya LED, ambayo huhesabu muda bila kutegemea mkondo. Aina iliyoenea ina miguu mitatu: B huunganishwa na umeme wa betri kupitia fyuzi, L huenda kwenye swichi na taa, na E huenda ethi. Katika magari ya Ulaya alama hizo ni 49, 49a na 31. Flasha mbili zinaweza kufanana kwa umbo huku B na L zimebadilishana nafasi, kwa hiyo fundi asome maandishi na kupima waya kwa mita kabla ya kuchomeka. Pale ambapo flasha ya zamani ilikuwa na miguu miwili, waya wa ethi lazima uvutwe upya. Baadhi ya Toyota zina flasha yenye miguu mingi zaidi, na hizo huhitaji inayolingana na soketi yake.

Volti nazo ziangaliwe. Malori makubwa, yakiwemo yanayopita mpakani Sirari, hutumia volti 24, na taa zake huuzwa pamoja na za magari madogo. Taa ya volti 24 pekee ikifungwa kwenye gari la volti 12 hufifia au haiwaki kabisa. Iliyoandikwa volti 10 hadi 30 hufaa kote kuwili. Kwa vumbi na kuvuka mito, alama ya IP67 ni muhimu: 6 humaanisha vumbi haliingii, na 7 humaanisha taa huhimili kuzama mita moja kwa dakika 30.

Njia ya pili ni kufunga rezista sambamba na kila LED ili kurudisha mzigo wa balbu. Rezista ya omu 6 huvuta ampia 2 kwa volti 12. Injini ikiwaka na volti kufika 14, kila indiketa inapowaka rezista hiyo hutoa joto la takriban wati 33. Ni lazima ifungwe kwenye bati, mbali na plastiki na waya. Njia hii hufuta faida ya kuokoa umeme, hivyo ibaki kwa magari ambayo flasha zake hazibadilishiki.

Yapo magari yenye taa moja tu ya indiketa kwenye dashibodi, iliyounganishwa kati ya saketi ya kushoto na ya kulia. Baada ya kufunga LED, mkondo hupita katika taa hiyo na kuziwasha za upande wa pili, zote zikapepesa kama hazadi. Dawa yake ni daiodi mbili, kwa mfano 1N4007: kila upande hulisha taa ya dashibodi kupitia daiodi yake, na mguu wa pili wa taa huenda ethi.

Ethi ya taa za nyuma ipelekwe moja kwa moja kwenye chesi, kwa kuwa bodi iliyojengwa upya huwa na rangi, kutu au faiba inayozuia umeme. LED pia haiwaki ikigeuziwa chanya na hasi. Kazi ikaguliwe injini ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, kushoto, kulia na hazadi. Kwa kuwa flasha nyingi za LED hazitoi ishara taa ikifa, dereva azunguke gari na kuangalia kila indiketa kabla ya kuondoka na wageni.