Mechi Ndizo Hulipa Kodi: Hesabu ya Kibanda cha Video Silanga

Ukitaka kujua biashara ya kibanda cha video inavyokwenda, soma ubao wake. Huko Silanga, upande wa Kibera unaoteremka kuelekea Bwawa la Nairobi na Mto Ngong, ubao huo husimamishwa kando ya mlango na kuandikwa upya kwa chaki kila asubuhi. Juu huwekwa mechi za siku na saa zake. Chini, kwa herufi ndogo, huja filamu: ya Kihindi, ya karate, ya vita, na pembeni jina la DJ aliyeitafsiri. Pesa nazo huingia kwa mpangilio huohuo. Mechi hulipa kodi ya chumba, filamu hununua unga.

Chumba chenyewe ni cha udongo na mabati, kirefu kuliko upana wake. Madirisha yamezibwa kwa maboksi ili mwanga usiingie. Mabenchi ya mbao hayana migongo, na yamebanana hata magoti ya mtu yanamgusa mgongo aliye mbele yake. Runinga imefungiwa ndani ya kasha la chuma lenye kufuli na kupandishwa karibu na paa, ili wa nyuma aone na mwizi asiifikie. Mlangoni kuna pazia zito, na nyuma ya pazia ameketi mama mwenye kibanda, sarafu zikiwa mapajani.

Tufanye hesabu ya mfano. Chumba kina mabenchi 10, kila benchi watu 5. Kiingilio cha filamu ni shilingi 10, cha mechi 30. Jumanne asubuhi wakiingia watu 10, hiyo ni shilingi 100. Filamu nne au tano mpaka jioni zinaleta kama shilingi 450, siku ikiwa nzuri. Siku tano za wiki hazifiki shilingi 2,300. Jumamosi Arsenal wakicheza na Manchester United, watu 50 wameketi na 20 wamesimama ukutani: shilingi 2,100 kwa mechi moja. Mechi tatu za namna hiyo wikendi moja zinaingiza karibu mara tatu ya filamu zote za Jumatatu hadi Ijumaa.

Kwa nini basi mtu ahangaike na filamu? Kwa sababu mlango uliofungwa siku tano haufunguki vizuri siku ya sita. Wateja wa asubuhi wengi ni vijana waliodamka kufuata kibarua Industrial Area au kwenye mjengo, wakakosa, wakarudi. Kwa shilingi 10 wanapata kivuli, kiti na masaa mawili ya kutofikiria kodi. Simu zao zinachajiwa hapohapo kwa shilingi chache. Jumamosi ikifika, kijana huyo haulizi mechi ataitazama wapi. Filamu ndiyo inayomzoesha njia, na mechi inakuja kuvuna mazoea hayo.

Utegemezi huu wa mpira una gharama zake, na ya kwanza ni saa. Uingereza ikiwa katika majira yake ya joto, mechi za Jumamosi huanza hapa saa nane na nusu, saa kumi na moja na saa moja na nusu jioni. Mwisho wa Oktoba wao hurudisha saa nyuma, na mechi zote hapa husogea mbele kwa saa moja. Ile ya mwisho sasa inaisha saa nne usiku na ushee, na mtu anayekaa ng'ambo ya pili ya Silanga hupima mara mbili kabla ya kupita vichochoro saa hizo. Za Ligi ya Mabingwa huanza saa tano usiku wakati huo, zikaisha karibu na saa saba. Halafu kuna Juni na Julai, ligi zimefungwa. Kombe la Dunia la 2018 Urusi lilikuwa baraka, kwa kuwa saa za Moscow ni sawa na za Nairobi, na mechi nyingi zilianguka mchana na jioni. Likichezwa Amerika, nyingi zinaangukia usiku wa manane na alfajiri.

Katika saa hizo mbovu na miezi hiyo mikavu ndipo familia inapoingia, na naona watu hawaipi uzito unaostahili. Kibanda hakikati tiketi. Pesa yote hupita mkononi mwa mtu mmoja aliyekaa gizani, na hakuna karatasi ya kuhesabia baadaye. Ukimwajiri mgeni, utamlipa mshahara ambao Jumanne haiwezi kuutoa, na bado hutajua ni wangapi waliopita bure. Kwa hiyo mama hukaa mlangoni, kijana mkubwa hushughulikia dikoda na spika, mdogo wake hufagia na kuandika ubao, na baba, kama ana kazi nyingine, huongezea kodi miezi mibaya. Visiwani Zanzibar mambo yalianza vivyo hivyo: Hassanali Adamji Jariwalla alikuwa mwonyeshaji wa filamu wa kuhamahama kabla ya kujenga jumba la Royal mnamo 1921. Sinema katika pwani yetu ilikua kama mali ya nyumba, na wa nyumbani ndio waliosimama mlangoni.

Lakini nyumba inayolea kibanda ndiyo pia inayoweza kukila. Sufuria na kasha la pesa vikiwa kitu kimoja, karo ya muhula humeza pesa ya runinga mpya, na mgonjwa mmoja humaliza akiba ya dikoda. Naamini hili limefunga vibanda vingi kuliko simu zilivyofunga. Dawa yake ni ndogo na inawezekana: laini ya M-Pesa ya kibanda peke yake, mechi zote zilipiwe huko, na sarafu za filamu zibaki kuwa za jikoni.

Simu, hata hivyo, haipuuzwi. Kampuni kama poa! Internet zimeingiza intaneti ya bei nafuu Kibera na Kawangware, na filamu iliyokuwa ikisubiriwa kibandani sasa hupakuliwa kitandani. Anayebaki na mvuto ni DJ. James Muigai, anayejulikana kama DJ Afro, alijenga jina kwa kuzungumza juu ya filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng: anampa mhusika jina la mtaani, anamkemea, anamtahadharisha, anaeleza kisa mapema pale mwenye filamu alipokificha. Uganda wana mavijey wao, na Tanzania iliwahi kumpenda Lufufu kwa kazi hiyohiyo. Filamu ya namna hii ni tamu zaidi penye watu wengi, kwa sababu DJ akimtania mwoga, chumba kizima kinamtazama mwoga wake. Filamu yenyewe inaweza kuwa imetazamwa mara tano. Hakuna anayelalamika.

Adui mkubwa zaidi ni stima. Sehemu nyingi za Kibera hutumia waya za sambaza, zinazovutwa na watu wa mtaa na kulipiwa kwa mwezi. Stima hiyo hupanda na kushuka, na runinga moja ikiungua imekwenda na mapato ya wikendi kadhaa. Ikikatika dakika ya 75, umati hudai pesa yake, na mwenye kibanda asiye na jenereta hurudisha kwa mkono uleule uliopokea. Waya hizo pia huwasha moto. Chumba chenye watu 70 na mlango mmoja ni hatari ya kweli, na hakuna utetezi wa kibanda unaofaa kulifumbia macho hilo. Mlango wa pili kwa nyuma ungekuwa sharti langu la kwanza kama ningekuwa mtoa leseni.

Na leseni ina hadithi yake. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ilitungwa mapema miaka ya 1960, wakati sinema ilikuwa jumba kama yale ya katikati ya mji au Shan pale Ngara, ambalo leo ni Sarakasi Dome. Chini yake, anayeonyesha filamu kwa umma anahitaji leseni, na filamu yenyewe iwe imepitishwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Juu ya hapo ipo Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na mikataba ya dikoda ambamo kifurushi cha nyumbani hakiruhusu kutoza kiingilio. Familia ya Silanga ikitii yote kwa bei ya mjini, inafunga. Isipotii, inaishi kwa kumtazama kila mgeni anayeinama mlangoni.

Bodi ina hoja moja nzito, nayo ni watoto. Wapo wanaotoroka shule na kuingia kibandani, na filamu za damu hazichagui saa. Mimi ningeikabidhi kazi hiyo kwa mama aliyekaa mlangoni, maana anawajua watoto hao na wazazi wao, na anaweza kumrudisha mmoja shuleni kwa kumwita jina tu. Hata hivyo atafanya hivyo akiwa na leseni ya kupoteza. Asiye nayo anahofia afisa tu, na shilingi 10 ya mtoto kwake ni sawa na ya mtu mzima. Leseni ya kiwango cha kibanda, yenye ada ndogo ya mwaka na masharti machache yanayokaguliwa kweli, yaani mlango wa pili, waya salama na hakuna mwanafunzi saa za darasa, ingelinda watoto kuliko misako.

Bado Jumanne asubuhi ina mabenchi matupu, na filamu za kuyajaza zipo karibu. Soul Boy, filamu ya Hawa Essuman ya 2010, ilipigwa Kibera. Kibera Film School, iliyoanzishwa na Hot Sun Foundation, imefundisha vijana wa hapahapa kushika kamera. Kwa watengenezaji hawa, kibanda kingeweza kuwa soko: filamu kwenye flashi, haki ya kuionyesha kwa siku moja ikilipiwa kwa M-Pesa, kwa bei isiyozidi pakiti moja ya unga, na DJ aruhusiwe kuizungumzia. Kwa hesabu ya juu kule, watazamaji 20 wa shilingi 10 wanatosha kulipia siku hiyo na kubaki na kitu.