Mwari wa Katunguru na Damu ya Kifuani

Asimamaye darajani Katunguru, juu ya mkondo wa Kazinga uunganishao ziwa George na ziwa Edward, humwona mwari akivua samaki. Katika makanisa ya Ulaya, tangu Zama za Kati, ndege huyu huchorwa akijitoboa kifua, awape makinda wake damu, kwa mfano wa Kristo. Utenzi uhesabiwao kuwa wa Mtakatifu Thomas Aquinas, wa karne ya 13, humwita Kristo mwari.

Lakini mwari hatoi damu. Hurudi na samaki kooni, naye kinda hutumbukiza kichwa kizima mdomoni mwa mzazi. Labda wachoraji walidanganywa na ule mdomo mrefu anaoulaza kifuani. Wavuvi wa Katunguru wangaliwasahihisha.