Grandmasta wa Ndola: Cheo kilichopatikana kwa kuvuka mipaka

Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam, akapita Tunduma na Nakonde kwenda kubeba shaba ya Copperbelt, anaujua mji wa Ndola. Asichokijua pengine ni kwamba katika mji huo alizaliwa, mwaka 1982, mtu wa kwanza kutoka nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara kupata cheo cha Grandmasta wa sataranji, mchezo ambao vijana wengi huuita chesi. Jina lake ni Amon Simutowe. Mashabiki humwita Papa wa Zambezi.

Ugrandmasta ni cheo cha juu kinachotolewa na Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, na mtu akikipata ni chake maisha yote. Kwa mchezaji wa kulipwa cheo hicho ni sawa na leseni ya biashara. Akiwa nacho, waandaaji wa mashindano humwalika, mara nyingi bila kumtoza kiingilio, na wanafunzi humtafuta awafundishe. Asipokuwa nacho, nauli na malazi ni juu yake mwenyewe.

Kukipata si kazi ya kukaa nyumbani. Kwa kawaida mchezaji hutakiwa kufikisha kigezo cha ugrandmasta katika mashindano kadhaa, yote yakiwa na jumla ya mechi zisizopungua 27. Katika kila shindano sharti akutane na magrandmasta wasiopungua watatu, na wapinzani wake watoke angalau nchi mbili zaidi ya yake. Juu ya hayo, pointi zake za kiwango cha dunia lazima zifike 2500.

Masharti hayo hayamsumbui sana kijana wa Ujerumani au Uholanzi, anayeweza kupanda treni asubuhi na jioni akacheza na magrandmasta wa nchi tatu. Kwa kijana wa Ndola, kila jaribio lilikuwa na maana ya viza, tiketi ya ndege na majuma kadhaa ugenini. Na akishindwa kwa nusu pointi, hurudi mikono mitupu. Mtembezi hula miguu yake.

Safari ya Simutowe

Simutowe alifundishwa mchezo huu na kaka yake. Mwaka 2000 alikwenda Yerevan, Armenia, kwenye mashindano ya dunia ya vijana, akamaliza wa pili nyuma ya Lázaro Bruzón wa Cuba. Baadaye alipata ufadhili wa masomo katika Chuo Kikuu cha Texas, Dallas, chuo kinachosajili wachezaji wa sataranji kama vyuo vingine vya Marekani vinavyosajili wachezaji wa mpira wa kikapu. Huko alipata masomo, na pia wapinzani wa kiwango chake.

Agosti 2007, mjini Arnhem, Uholanzi, alishinda mashindano ya Euwe Stimulans kwa pointi 7.5 kati ya 9, na kukamilisha vigezo alivyohitaji. Lakini pointi zake za kiwango zilikuwa bado hazijafika 2500. Kila mfanyabiashara anaijua hali hiyo: nyaraka zote unazo mkononi, lakini kwenye mzani gari halijapita. Ilibidi aendelee kusafiri na kucheza. Cheo chake kilithibitishwa mwaka 2009, takriban miaka tisa baada ya Yerevan.

Wakati huo alikuwa pia amekwenda kusoma Chuo Kikuu cha Oxford. Hakutegemea sataranji peke yake, na hilo halishangazi. Zawadi za fedha nono huishia kwa wachezaji wachache wa juu kabisa. Waliobaki huishi kwa kufundisha, kuandika na kuchezea klabu za ligi za Ulaya.

Mlango ulio karibu

Afrika ina mlango mwingine. Bingwa wa mashindano ya bara anaweza kupewa ugrandmasta moja kwa moja. Kenny Solomon, aliyekulia Mitchells Plain, Cape Town, aliupitia mlango huo Desemba 2014 aliposhinda ubingwa wa Afrika mjini Windhoek, Namibia. Akawa Grandmasta wa kwanza wa Afrika Kusini akiwa na umri wa miaka 35. Hata hivyo, mlango huo ni mwembamba, kwani bingwa ni mmoja tu.

Uganda imeshatoa masta wa kimataifa, ngazi iliyo chini ya Grandmasta, akiwamo Elijah Emojong na Arthur Ssegwanyi. Kilichobaki ni hatua ileile iliyomgharimu Simutowe miaka.

Hapa ndipo hesabu ya mfanyabiashara inaposaidia. Sharti la wapinzani wa kigeni si tatizo kwetu: Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wakikutana Arusha, wote watatu wamefika kwa basi na nchi zimetimia. Kinachokosekana ni magrandmasta watatu na wapinzani wengine wenye pointi za juu. Kuwapeleka vijana kumi Ulaya ni tiketi kumi na viza kumi. Kuwaleta magwiji watano au sita ni gharama ya magwiji hao tu, na vijana wote kumi hucheza nao. Wanaoagiza mali Guangzhou walishalielewa jambo hili zamani: wanachangia kontena moja, kila mtu halipii safari yake.

Chama cha wafanyabiashara kinachofadhili timu ya mpira kinaweza kufadhili shindano la namna hiyo. Ukumbi mmoja, meza, saa za mchezo na malazi ya siku kumi vinatosha kuanzia. Simutowe aliifuata bidhaa hadi Arnhem kwa sababu sokoni kwao haikuwapo. Anayemfuata asilazimike kwenda mbali kiasi hicho.