Ribosomu Inapoteremka Rongo

Hamira inayoumua unga wa mandazi mjini Migori ni kiumbe hai, na ina hila ambayo kimelea wa malaria pia anaijua.

Jeni ni agizo. Seli hulinakili, kisha mtambo uitwao ribosomu huishika nakala kwenye ncha na kuikagua mpaka uone mahali pa kuanzia kuunda protini. Nakala nyingine zina vifungu vifupi kabla ya agizo lenyewe. Ribosomu husoma kifungu, huona kazi imekwisha, huiachia nakala: ni kama abiria wa Migori aliyepanda matatu Homa Bay akateremka Rongo, njiani.

Jeni GCN4 ya hamira ina vifungu 4 kama hivyo, vinavyoagiza amino asidi (matofali ya protini) 2 au 3 tu. Alan Hinnebusch wa Marekani na wenzake wamekuwa wakivichunguza tangu miaka ya 1980. Hamira ikishiba, ribosomu humaliza kifungu cha kwanza, hujipanga upya upesi, na kunaswa na vinavyofuata. Amino asidi zikiadimika, kujipanga huko huchelewa. Ribosomu huvipita vizuizi kabla haijawa tayari, ikaanza kazi pale GCN4 yenyewe inapoanzia. Ajabu yake ni kwamba kuchelewa ndiko kunakoleta protini ya dharura.

Sasa tuiache hamira, njoo ziwani penye malaria. Kimelea wa malaria, Plasmodium falciparum, ana jeni var2csa, ambayo protini yake huzinatisha seli nyekundu zilizoambukizwa kwenye kondo la nyuma. Mbele ya agizo kuna kifungu cha herufi 360 kinachozuia usomaji. Kwa hiyo nakala yaweza kuwapo, protini isiwepo. Mwaka 2017 watafiti walieleza protini ya kimelea, PTEF, inayoisaidia ribosomu kuvuka kizuizi hicho.

Kwa kawaida protini hiyo haiundwi kwa asiye na mimba, ndiyo maana binti aliyekulia Mbita, aliyezoea malaria tangu utotoni, huingia mimba ya kwanza bila kingamwili za silaha hii. Mtoto huweza kuzaliwa na uzito pungufu. Chanjo ya RTS,S iliyozinduliwa Homa Bay Septemba 2019 ni ya watoto, na hulenga protini nyingine kabisa.

Kwa hiyo, mama, usisubiri homa. Anza kliniki mapema, lala ndani ya neti, na kuanzia wiki ya 13 uliza vidonge vya SP vya kuzuia malaria. Kama unatumia Septrin, mwambie muuguzi kwanza, kwa sababu dawa hizo mbili hazitumiwi pamoja.