Hifadhi ya Jamii (2): Chile Ilipompa Kila Mfanyakazi Akaunti Yake

Wiki iliyopita tuliona utaratibu wa kuchangiana: walio kazini huchanga, na michango yao huwalipa waliostaafu. Chile ndiyo iliyotangulia kuuvunja, kwa sheria iliyotangazwa Novemba 1980 na kuanza kutumika Mei 1981. Mwasisi wake alikuwa José Piñera, waziri wa kazi katika serikali ya kijeshi ya Augusto Pinochet.

Tangu hapo mfanyakazi akakatwa asilimia 10 ya mshahara, ikaingia kwenye akaunti yenye jina lake, na kampuni binafsi zikaiwekeza kwa ada. Mwajiri akaacha kuchangia. Wanajeshi na polisi hawakuguswa. Walioileta dawa hawakuinywa.

Fedha zilikua kweli, na soko la mitaji la Chile likanufaika. Lakini kilichobadilika hasa ni nani anayebeba hasara. Katika mfuko wa pamoja, anayefariki mapema humsaidia anayeishi miaka mingi, na mwenye mshahara mzuri humwinua wa chini. Katika akaunti binafsi, ukikosa kazi miaka mitano, pengo hilo ni lako hadi kaburini. Wanawake ndio walioumia zaidi: mshahara mdogo, miaka ya kulea isiyo na mchango, kustaafu wakiwa na miaka 60 badala ya 65 ya wanaume, kisha maisha marefu ya kugawia akiba hiyo haba.

Mwaka 2008 serikali ya Michelle Bachelet ililazimika kuongeza pensheni inayolipwa kwa fedha za kodi kwa wazee maskini. Mwaka 2020 na 2021 Bunge liliruhusu watu kuchota akiba zao mara tatu, na wengine wakazimaliza. Sheria ya mwaka 2025 inamrudisha mwajiri kuchangia hatua kwa hatua, na sehemu ya mchango huo ni ya wote.

Tanzania ilipita njia ya kinyume. Mfuko wa NPF wa mwaka 1964 ulikuwa akiba ya mtu binafsi, iliyolipwa kwa mkupuo. NSSF iliyochukua nafasi yake, kwa sheria ya mwaka 1997, ikaleta pensheni ya kila mwezi. Hata hivyo hamu ya kushika chako mkononi haikufa. Bajeti ya 2024/25 ilipandisha sehemu ya mafao inayolipwa kwa mkupuo kwa kundi moja la wastaafu kutoka asilimia 33 hadi 40, na manung'uniko hayakuisha. Wiki ijayo tutakifungua kikokotoo, yaani hesabu inayopanga mafao hayo.