Jicho Linapotua Penye Kiwewe

Msichana wa miaka 16, mchezaji wa kuteleza kwenye barafu, alikuwa na mruko mmoja uliomshinda. Mchezaji hupaa, huzunguka hewani mara tatu, kisha hutua kwa mguu mmoja. Nguvu alikuwa nazo na mbinu alizijua, lakini kila alipoukaribia mruko ule mwili ulimgomea. Mwaka 2003 alikuwa akihudhuria tiba kwa David Grand, mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia wa New York ambaye miaka miwili kabla alikuwa ameshughulika na manusura wengi wa mashambulizi ya Septemba 11.

Siku hiyo Grand alimwambia ajione akilini yuko katikati ya mruko, pale pale unapoanza kumharibikia, huku macho yakifuata vidole vilivyopita polepole mbele ya uso wake. Vidole vilipofika kando kidogo ya katikati, macho ya binti yalitikisika, kisha yakaganda. Grand naye akausimamisha mkono. Kwa takriban dakika kumi mambo yakamiminika: mifarakano ya nyumbani, majeraha ya michezo, misiba ambayo wote wawili walidhani imekwisha kuzungumzwa ikaisha. Kesho yake binti akampigia simu. Ameuruka mruko ule, na ameurudia tena na tena bila shida.

Simulizi hii ameitoa Grand mwenyewe, na mvumbuzi huwa hasimulii uvumbuzi wake vibaya. Hata hivyo, kutoka siku hiyo ilizaliwa tiba iitwayo Brainspotting, ambayo leo ina watoa huduma katika nchi nyingi na kaulimbiu inayosema kwamba mahali unapotazama huathiri unavyojisikia.

Kikao chenyewe hakina vurugu. Mgonjwa na mtaalamu huketi wakitazamana. Mara nyingi mgonjwa huvaa spika za masikioni zinazotoa sauti laini inayohama taratibu kutoka sikio moja hadi jingine. Huulizwa ni jambo gani linalomsumbua, na kutoka 0 hadi 10 linamsumbua kwa kiasi gani; kipimo hicho si cha Grand, kimetokana na kile alichobuni daktari Joseph Wolpe miongo kadhaa kabla yake. Kisha huja swali ambalo wengi hawajawahi kuulizwa kliniki: unalisikia wapi mwilini? Kooni? Kifuani? Tumbo linakaza? Miguu inakufa ganzi?

Hapo mtaalamu huchukua kijiti chembamba na kukisogeza polepole, kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini, huku akimsoma mgonjwa usoni. Anatafuta vitu vidogo: kope kupepesa ghafla, mate kumezwa, mboni kutanuka, nyusi kukunjamana, pumzi kukatika. Kikionekana kimoja, kijiti husimama. Wakati mwingine mgonjwa ndiye husema ni wapi hisia inapanda zaidi, au, kama hali yake ni dhaifu, ni wapi mwili unatulia, na huko ndiko wanakoanzia. Baada ya hapo mgonjwa hukaa ameelekeza macho pale pale, akifuatilia yanayopita ndani yake. Mtaalamu husema machache sana. Kimya kinaweza kuchukua sehemu kubwa ya saa nzima.

Kwa nini mwili upewe nafasi kubwa hivyo? Hapa kuna hoja nzito, na haikuanza na Grand. Mwaka 1996 kundi la watafiti wa Marekani, akiwemo daktari wa akili Bessel van der Kolk, lilipima ubongo wa watu wachache waliopitia mikasa huku wakisikilizishwa simulizi za mikasa yao wenyewe. Sehemu zinazohusika na hofu na picha za macho ziliwaka. Eneo la Broca, linalotusaidia kuyatia mambo katika maneno, lilipunguza kazi. Askari aliyerudi kutoka vitani au mama aliyevamiwa nyumbani kwake anapoambiwa "hebu eleza", akabaki kukodoa macho huku jasho likimtoka, huenda hafichi kitu. Maneno hayapatikani wakati ule, ila moyo unakwenda mbio na mikono inatetemeka. Kitabu cha van der Kolk cha mwaka 2014 kuhusu mwili unavyotunza hesabu ya yaliyoupata kilisomwa na mamilioni, na kabla yake Peter Levine alikwisha jenga tiba nzima inayofuata hisia za mwili badala ya kisa.

Suala la macho ndilo lenye ubishi. Grand alilirithi kwa mwanasaikolojia Francine Shapiro, ambaye mwaka 1987, akitembea bustanini huko California, aliona kwamba mawazo mabaya yalipungua makali macho yake yalipokwenda huku na huku. Alichapisha utafiti wake wa kwanza mwaka 1989, na njia yake ya kutembeza macho huku mtu akikumbuka tukio baya, EMDR, ikapigwa vita kwa miaka mingi. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa wenye msongo wa baada ya kiwewe, pamoja na tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na mwenendo. Brainspotting haikuwamo katika mapendekezo hayo.

Watetezi wa Brainspotting hupenda kujikinga kwa kivuli cha EMDR, na mimi sikubaliani nao. Maelezo yenye nguvu zaidi kuhusu EMDR yametoka kwa watafiti wa Utrecht, Uholanzi. Wanasema akili ina nafasi ndogo ya kushikilia mambo kwa wakati mmoja. Ukikumbuka tukio baya huku macho yakikimbizana na kitu kinachotembea, picha ya tukio hukosa nafasi ya kutosha na hufifia. Hesabu ngumu ya kichwani nayo huweza kuleta matokeo kama hayo. Sasa, Grand alifanya kinyume kabisa: aliyasimamisha macho. Aliyesimamisha hawezi kudai ushahidi wa aliyetembeza.

Kwa hiyo yeye na daktari Frank Corrigan wakatafuta maelezo mengine. Katika makala ya 2013 walielekeza kidole kwenye ubongo wa kati, ambako kuna sehemu inayogeuza macho na kichwa kuelekea jambo la hatari kabla hujalitambua, na jirani yake sehemu inayoamuru kukimbia, kupigana au kuganda. Huenda, wanasema, mwelekeo wa macho hubaki umefungamana na hofu ya siku ile. Ni wazo zuri, tena sehemu hizo za ubongo zipo kweli na kazi zake zinajulikana. Lakini jarida walimochapisha huitwa Medical Hypotheses, na kazi yake ni kuchapisha dhana.

Ushahidi wa wagonjwa wenyewe ni haba. Utafiti wa mwaka 2017 uliolinganisha Brainspotting na EMDR uliona wagonjwa wa pande zote mbili wakipata nafuu, ila Grand alikuwa mmoja wa waandishi wake. Huko Newtown, Connecticut, ambako tarehe 14 Desemba 2012 watoto 20 na watu wazima sita waliuawa kwa risasi katika shule ya Sandy Hook, wakazi walioulizwa baadaye waliitaja Brainspotting miongoni mwa huduma zilizowasaidia zaidi. Siwezi kuwabeza watu waliozika watoto. Lakini kusema "nimesaidika" hakutuambii ni kipi kilichosaidia.

Wanasaikolojia Gerald Rosen na Gerald Davison waliwahi kuuliza swali la kejeli mwaka 2003: je, daktari akiwavika wagonjwa kofia ya zambarau huku akiwapa tiba iliyokwisha thibitika, nao wakapona, tuanzishe Tiba ya Kofia ya Zambarau? Nashuku kijiti cha Grand ni kofia. Kinachobaki ukikiondoa si haba: mtu anakaa na kumbukumbu yake bila kuikimbia, anauhisi mwili wake badala ya kuutoroka, na mbele yake yupo binadamu asiyemkatiza, asiyemhimiza, anayeona hata anapomeza mate.

Tena mambo hayo hayahitaji New York. Katika Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, wasaidizi wa kijamii wasio na shahada ya saikolojia waliongoza vikundi vya tiba kwa wanawake manusura wa ukatili wa kingono. Wengi wa wanawake hao hawakujua kusoma, hivyo mazoezi yalibuniwa upya ili wayahifadhi kichwani. Matokeo yalichapishwa 2013 katika jarida la New England Journal of Medicine: miezi sita baada ya tiba, asilimia 9 ya waliokuwa vikundini ndio waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa, dhidi ya asilimia 42 ya waliopata msaada wa kawaida. Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, nako walifunzwa washauri wa mtaani ili wawasaidie watoto yatima 640, na utafiti huo wa 2020 ulionyesha tiba waliyoitoa ilifaa katika maeneo matatu kati ya manne yaliyochunguzwa.

Kama wewe au ndugu yako mnasumbuliwa na jinamizi, mishtuko na kuganda kwa mwili kunakorudi bila kuitwa, anzeni na tiba zenye ushahidi wa aina hiyo. Mkikutana na mtu anayetumia macho na kijiti, msimkimbie, ila muulizeni alisomea nini kabla ya Brainspotting, kwa sababu awamu ya kwanza ya mafunzo yake huchukua siku chache tu. Muulizeni pia atafanya nini mgonjwa akizidiwa katikati ya kikao. Asiye na jibu la swali hili la pili asipewe mgonjwa. Na msijaribu nyumbani kwa kufuata video: kumbukumbu inayofunguka kwa dakika kumi yahitaji mtu wa kukaa nayo kwa muda mrefu zaidi ya huo.