Je, wajua? Gari likishushwa, jointi ya ndani ndiyo huumia

Springi zikikatwa gari likalala chini, macho ya watu hukimbilia magurudumu. Mwenye gari naye huwaza bampa na matuta. Wachache hukumbuka kwamba kati ya giaboksi na kila gurudumu la mbele kuna shafti fupi yenye viungo viwili, na kwamba viungo hivyo vilipangiwa pembe ya kukaa tangu gari likichorwa. Mafundi huviita sivi jointi. Gari likishuka, giaboksi hushuka pamoja na bodi, lakini gurudumu liko palepale juu ya lami. Shafti iliyokuwa ikiinama kidogo kuelekea gurudumu sasa inapanda kulifuata.

Kupitisha mzunguko penye kona si jambo jipya. Mwaka 1676 Mwingereza Robert Hooke alichapisha maelezo ya kiungo cha msalaba, ambacho leo tunakiona kwenye propela za malori kwa jina la krosi jointi. Kasoro yake, ambayo Hooke mwenyewe aliijua, ni kwamba kikishapinda hakizungushi sawasawa. Shafti ya kwanza ikienda kwa kasi moja, ya pili huharakisha na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko. Kwa pembe ya digrii 30, mizunguko 1,000 kwa dakika inayoingia hutoka ikipanda hadi kama 1,155 na kushuka hadi 866. Hooke aliona kwamba mwendo huo unalingana na wa kivuli cha saa ya jua, akapendekeza utumike huko. Kwenye gurudumu la mbele, ambalo hukata kona huku likivuta, mwendo huo ungemtikisa dereva kila anapogeuza usukani.

Jibu lililoenea duniani lilitoka kwa Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford, mwishoni mwa miaka ya 1920. Alipanga gololi 6 ndani ya kizimba cha chuma, kila moja katika mfereji wake. Shafti zikipinda, gololi zote hujipanga zenyewe katika bapa linaloigawa pembe nusu kwa nusu. Kwa kuwa bapa hilo liko sawa kwa pande zote mbili, kasi inayoingia ndiyo inayotoka. Kwangu mimi hii ni miongoni mwa fikra nzuri kabisa zilizomo ndani ya gari, na inasikitisha kwamba wengi wetu huifahamu siku inapoanza kulia. Alec Issigonis aliitumia kwenye Mini ya mwaka 1959, gari dogo lililolaza injini kwa upana, na leo magari mengi madogo yamefuata mpango huo.

Hiyo ni jointi ya nje, iliyo karibu na gurudumu. Inaweza kupinda hadi digrii 45 hivi, maana inafuata usukani. Kushusha gari kwa sentimita 5 hakuisumbui sana. Mwenye shida ni mwenzake wa ndani, upande wa giaboksi.

Jointi ya ndani mara nyingi ni ya miguu mitatu: roli tatu zinazotembea katika mifereji mitatu. Haikuumbwa kupinda sana. Kazi yake ya pekee ni kuteleza ndani na nje, kwa sababu umbali kati ya giaboksi na gurudumu hubadilika kila springi inapobonyea. Ikikaa karibu na mstari ulionyooka, roli zake huviringika kwa ulaini. Pembe ikikua, roli huanza kukwaruza badala ya kuviringika tu, na msuguano huo huisukuma shafti kwa urefu wake, mara tatu katika kila mzunguko. Gurudumu lenye mzingo wa mita 1.9 likienda kilomita 60 kwa saa huzunguka karibu mara 9 kwa sekunde. Basi pua ya gari hupigwa zaidi ya mara 25 kila sekunde.

Dereva huisikia hivi: akikanyaga mafuta kupanda mlima, gari linatetemeka kama sakafu ya mashine ya kusaga, akiachia, linatulia. Tatizo likiwa la tairi lisilo na balansi, mtetemo hufuata kasi, haujali mguu uko wapi. Jointi ya nje iliyochoka nayo hulia tak-tak wakati wa kukata kona. Asiyetofautisha sauti hizi huishia kununua giaboksi isiyohitajika.

Pembe mpya huleta mengine. Shafti ya urefu wa sentimita 40, gari likishushwa sentimita 5, hubadilika kwa digrii 7 hivi. Jointi ya zamani ambayo roli zake zimechimba njia yake sasa inatembea pembeni ya njia hiyo na kugonga ukingo wake. Ncha ya shafti huweza kukosa nafasi ya kuingia na kuanza kugonga kitako cha jointi, na kishindo hicho kikafika hadi kwenye beringi za giaboksi. Raba buti nayo hujikunja upande mmoja, mikunjo ikasuguana hadi ikachanika. Grisi ikitoka vumbi huingia, na kwa barabara zetu hapo jointi haina siku nyingi.

Gari lenye propela lina hesabu tofauti: krosi jointi zake mbili hufutiana makosa ikiwa pembe zao zinalingana. Difu ikigeuka kidogo baada ya gari kushushwa, ulinganifu huo unaharibika, na fundi mzuri huurudisha kwa kabari kati ya springi na ekseli. Wanaoinua gari kwa spesa ili lipite kwenye mashimo hukutana na tatizo hilohilo la pembe kutoka upande wa pili.

Kubadilisha jointi bila kugusa urefu wa gari hununua muda tu. Ile mpya itawekwa katika pembe ileile iliyoua ya kwanza. Na pembe hiyo haionekani gari likiwa juu ya jeki, kwa sababu magurudumu hulegea yakaning'inia na shafti ikainama kama ya gari zima. Ipimwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake manne, fundi akiwa ndani ya shimo la gereji na tochi.